Jean Chrétien, mtu aliyejua kurudi nyuma

Kwa wengi wa ukanda wa Maziwa Makuu, jina la Jean Chrétien liliingia masikioni Novemba 1996. Vita vilikuwa vimewaka mashariki mwa Zaire. Uvira, Bukavu na Goma zilikwisha kuangukia mikononi mwa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na wakimbizi zaidi ya milioni 1 kutoka Rwanda walikuwa wamekwama kati ya kambi na msitu, hawana chakula wala dawa. Mataifa makubwa yalikuwa yanatazamana. Chrétien, Waziri Mkuu wa Kanada, aliyekuwa mapumzikoni mwisho wa juma, aliyaona hayo kwenye televisheni, akashika simu na kuanza kuwatafuta viongozi wenzake mmoja baada ya mwingine. Kanada, aliwaambia, iko tayari kuongoza kikosi cha kimataifa. Mpwa wake mwenyewe, Balozi Raymond Chrétien, alikuwa wakati huo mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa katika eneo hilo. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1080. Kamanda akateuliwa, Luteni Jenerali Maurice Baril, na makao yakaanza kupangwa Entebbe.

Siku hizohizo kambi ya Mugunga ilivunjika. Laki kadhaa za watu wakashika njia kuelekea Gisenyi, vikapu kichwani na watoto mgongoni, na dunia ikawaona wakivuka mpaka kurudi kwao. Miji mikuu ya Magharibi ikashusha pumzi: tatizo limejimaliza. Kabla mwaka haujaisha kikosi kikavunjwa bila kuifanya kazi iliyokiunda. Lakini si wote waliovuka mpaka. Wengine walisukumwa upande wa pili, kuelekea Walikale, Tingi-Tingi na Kisangani, na huko hapakuwa na jenerali wala kamera. Mauaji yaliyowakuta yamo katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, na ni ripoti ngumu kuisoma mpaka mwisho.

Naanzia hapo kwa sababu kisa hiki kinamfungua mtu mzima. Kinaonyesha wepesi wake wa kuingia na wepesi wake wa kutoka. Wasifu mwingi wa Chrétien humchora kama mpiganaji, mtoto wa kiwandani aliyegombana na kila mtu akashinda. Picha hiyo ni ya kweli lakini haielezi ni vipi mtu alikanyaga Bunge la Kanada mwaka 1963 akaondoka madarakani mwaka 2003, na katika miaka hiyo 40 akakaa nje ya siasa miaka 4 tu. Wapiganaji hasa huanguka mapema. Yeye alidumu kwa sababu alijua kurudi nyuma, na alirudi mapema, kabla kushindwa hakujageuka aibu. Tabia hiyo iliiokoa nchi yake zaidi ya mara moja. Tabia hiyohiyo iliwaacha watu wengine mbele peke yao.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1934 Shawinigan, mji wa viwanda kando ya mto Saint-Maurice katika Quebec, jimbo ambalo wengi wao husema Kifaransa. Alikuwa mtoto wa 18 kati ya 19, na 10 kati yao hawakuvuka utoto. Baba yake, Wellie, alifanya kazi kiwanda cha karatasi na jioni alikuwa mtu wa chama cha Liberal, yule mtu wa mtaani anayejua kila nyumba inapiga kura wapi. Ugonjwa ulimpooza Jean upande mmoja wa uso, na sikio lake moja halisikii. Akasoma sheria Chuo Kikuu cha Laval, akamwoa Aline Chaîné mwaka 1957, na wakati akichaguliwa mbunge Aprili 1963 alikuwa na miaka 29 na Kiingereza cha kuombea maji.

Fikiria hilo kidogo. Bunge la Ottawa la miaka ile liliendeshwa kwa Kiingereza kwa kiasi ambacho Mfaransa wa Quebec asiyekijua alikaa humo kama mgeni. Wenzake wengi waliitikia hali hiyo kwa hasira, na baadhi yao hatimaye wakataka Quebec ijitenge. Chrétien aliketi karibu na Mitchell Sharp, mtu wa fedha mwenye utulivu, akawa mwanafunzi wake. Alisikiliza na kuuliza, akakosea lugha mbele ya watu na kuendelea. Kiingereza chake hakijanyooka hadi leo, na wananchi wa kawaida walimpendea hilo.

Mwaka 1967 aliingia baraza la mawaziri chini ya Waziri Mkuu Lester Pearson. Kutoka hapo alipita wizara nyingi kuliko karibu mwanasiasa yeyote wa kizazi chake: mapato, Wahindi (ndivyo walivyoitwa wenyeji asilia wa Kanada) na maendeleo ya Kaskazini, hazina, viwanda na biashara, fedha, sheria, nishati, mambo ya nje. Sizitaji zote kwa undani, maana nyingine alizipita kama mtu anayebadilisha basi. Moja tu inatosha kutushikilia.

Julai 1968 Waziri Mkuu mpya, Pierre Trudeau, alimkabidhi Wizara ya Mambo ya Wahindi na Maendeleo ya Kaskazini. Jina lenyewe linaonyesha zama zake. Leo Kanada inawaita wenyeji asilia. Chrétien hakuwa akijua lolote kuhusu watu hao na alisema hivyo waziwazi. Juni 1969 alisimama Bungeni na waraka wa sera uliopendekeza kufuta Sheria ya Wahindi, kufuta hadhi yao ya kisheria, kuvunja wizara yenyewe na kuwakabidhi kwa serikali za majimbo kama raia wengine. Kwa Trudeau na Chrétien huo ulikuwa usawa. Wote wawili walikuwa Waliberali wa mtindo uleule: mtu ni mtu, asiwe na sheria yake peke yake.

Wenyeji waliusoma waraka ule kwa macho mengine. Mikataba yao ilisainiwa na Taji la Uingereza. Ardhi yao ilichukuliwa kwa ahadi. Kufuta hadhi kulimaanisha kufuta deni. Harold Cardinal, kijana wa Wakrii, moja ya jamii za wenyeji, kutoka Alberta aliyekuwa bado kwenye miaka yake ya 20, aliongoza upinzani, na Juni 1970 viongozi wa wenyeji wa Alberta walikwenda Ottawa na waraka wao, wakakaa uso kwa uso na baraza la mawaziri. Waliudai uraia wao pamoja na haki zao za mikataba, vyote viwili, bila kimoja kumeza kingine. Serikali ikanywea. Machi 1971 Chrétien mwenyewe alitangaza kwamba sera ile imewekwa kando.

Wachambuzi wengi huhesabu tukio hilo kama kushindwa kwake kwa kwanza. Mimi naliona kama ndilo darasa lililomtengeneza. Waziri kijana, mwenye bosi aliyekuwa kilele cha umaarufu, angeweza kulazimisha. Kura za Bungeni zilikuwepo. Aliachia, na nafasi aliyoipata kwa kuachia ilizaa kitu: wenyeji waliviimarisha vyama vyao vya kitaifa, na miaka 11 baadaye haki za mikataba ziliandikwa katika katiba, yeye akiwa Waziri wa Sheria.

Kabla ya kufika huko kuna kisa cha Agosti 1978 ambacho kingemtoa mtu mwingine kazini. Alikuwa Waziri wa Fedha, Mkanada wa kwanza mwenye asili ya Kifaransa kushika wizara hiyo. Trudeau alirudi kutoka mkutano wa wakubwa mjini Bonn akatangaza kwenye televisheni kupunguza matumizi kwa dola bilioni 2. Waziri wa Fedha hakuwa ameambiwa. Fedheha kubwa kuliko hiyo kwa waziri ni nadra. Alifikiria kujiuzulu, akabaki. Angeondoka siku ile, Quebec ingeshuhudia Mfaransa wa kwanza wa Wizara ya Fedha akitoka kwa kishindo, huku chama cha wanaotaka kujitenga kikiwa madarakani pale. Aliumeza uchungu huo.

Usiku wa tarehe 4 Novemba 1981 ndio usiku ambao Quebec haijamsamehe. Trudeau alitaka kuirudisha katiba kutoka Uingereza na kuitia hati ya haki za raia. Majimbo 8 kati ya 10 yalipinga. Mazungumzo yalipokwama, Chrétien aliingia katika jiko dogo la jengo la mkutano pamoja na Roy Romanow wa Saskatchewan na Roy McMurtry wa Ontario, wakakubaliana kwenye karatasi: serikali kuu inapata hati ya haki, majimbo yanapata kifungu cha kuruhusu mabunge yao kuzipita baadhi ya haki hizo kwa muda. Kila upande ulirudi nyuma. Usiku kucha simu zilipigwa na wajumbe wakahangaika hotelini. René Lévesque, Waziri Mkuu wa Quebec, alikuwa amelala ng'ambo ya mto, upande wa Hull. Asubuhi alikuta mambo yamekwisha bila yeye. Malkia alitia saini katiba hiyo Ottawa tarehe 17 Aprili 1982, na Quebec haijaitia saini mpaka leo.

Watetezi wa Chrétien husema Lévesque asingekubali chochote, kwa kuwa alitaka nchi yake. Huenda ni kweli. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kumwacha mtu aliyekataa na kumwacha mtu ambaye hakuamshwa. Wanaojua mila ya kikao wanalielewa hili haraka. Hata ndugu anayejulikana kuwa mbishi huitwa, kukataa kwake kukasikika mbele ya wengine. Kosa la usiku ule liliandama kila hatua ya Chrétien baadaye. Alipogombea uongozi wa chama mwaka 1984 akashindwa na John Turner. Akajiuzulu ubunge mwaka 1986, akarudi kwenye uwakili na biashara. Alipokuja kushinda uongozi Calgary mwezi Juni 1990, mapatano ya Meech Lake yaliyolenga kuivuta Quebec ndani ya katiba yalikufa siku hizohizo, na baadhi ya wajumbe wa Quebec walifunga vitambaa vyeusi mikononi. Mtoto wa Shawinigan akawa kiongozi ambaye kwao wanamwombolezea.

Oktoba 1993 alishinda. Chama cha Progressive Conservative kilichokuwa na viti 169 mwaka 1988 kikabaki na viti 2. Katika siku za mwisho za kampeni wahafidhina hao walirusha tangazo la televisheni lenye picha za karibu za uso wake uliopooza. Nchi ilichukia. Chrétien alijibu kwa upole uliowamaliza: Mungu alimpa kasoro hiyo, kweli huongea kwa upande mmoja wa mdomo, lakini yeye si kama wale wanaoongea kwa pande zote mbili. Hakuonyesha kuumizwa, na watu walijua ameumia.

Miaka 10 ya uwaziri mkuu ilianza kwa kurudi nyuma kutoka ahadi zake mwenyewe, na hapa simsifu. Aliahidi kuiondoa kodi ya bidhaa na huduma, haikuondoka. Naibu wake Sheila Copps, aliyeahidi kujiuzulu ikibaki, alijiuzulu kweli mwaka 1996 akarudi kuomba kura upya. Bosi wake hakufanya hivyo. Aliahidi pia kuujadili upya mkataba wa biashara huru na Marekani na Meksiko, kisha mkataba ukaanza kazi karibu kama ulivyokuwa.

Kwenye hazina alifanya kile ambacho vyama vya mrengo wake huogopa. Nakisi ya bajeti ilikuwa kama dola bilioni 42 za Kanada mwaka wa fedha wa 1993–94. Januari 1995 gazeti la Wall Street Journal liliiita Kanada mwanachama wa heshima wa Dunia ya Tatu, tusi ambalo lilituhusu sisi kuliko lilivyowahusu wao. Mwezi uliofuata Waziri wa Fedha, Paul Martin, alisoma bajeti iliyokata kila kona: ajira za serikali kuu zipatazo 45,000, ruzuku za afya na elimu kwa majimbo, na misaada ya nje. Mwaka wa fedha wa 1997–98 hesabu zilisawazika, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa karibu miaka 30. Sifa nyingi za Chrétien nyumbani zinatoka hapo. Lakini misaada kwa nchi maskini, iliyokuwa karibu asilimia 0.45 ya pato la taifa mwanzoni mwa muongo, ilikuwa karibu asilimia 0.25 kufikia mwaka 2000. Kila Mkanada anaposherehekea bajeti iliyosawazishwa, ni haki kukumbuka kwamba sehemu ya mzigo ilibebwa na watu ambao hawakuwa na mbunge Ottawa.

Kisha ikaja kura ya maoni ya Quebec, tarehe 30 Oktoba 1995. Serikali yake ililala. Hadi katikati ya Oktoba walidhani upande wa muungano utashinda kirahisi, wakamzuia hata yeye asionekane sana kwa kuwa hakupendwa kwao. Lucien Bouchard alipochukua usukani wa kampeni ya kujitenga, upepo uligeuka kwa wiki mbili tu. Matokeo: asilimia 50.58 walikataa kujitenga, 49.42 walikubali, na watu zaidi ya asilimia 93 ya waliojiandikisha walipiga kura. Kura zisizofika 55,000 ndizo zilizoizuia nchi kuingia kwenye mlango ambao hakuna aliyejua unafunguka kuelekea wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba mtu mwenye kisu aliingia katika makazi rasmi ya Waziri Mkuu hadi mlangoni mwa chumba cha kulala. Aline alimwona, akaufunga mlango kwa ufunguo na kuwaita walinzi, ambao walichukua dakika nyingi kufika. Mume wake alisimama ndani ameshika sanamu ya jiwe ya Wainuiti, wenyeji wa Kaskazini.

Nadhani majuma yale yalimbadilisha. Aliyezoea kurudi nyuma alisonga mbele kwa mara ya kwanza bila kuangalia pembeni. Aliipeleka hoja ya kujitenga Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1998 ilisema Quebec haina haki ya kujitoa peke yake, lakini swali lililo wazi likipata wingi ulio wazi, Kanada nzima italazimika kuzungumza. Jibu la busara kubwa, na kila taifa lenye mgogoro wa kujitenga lingefaidika kulisoma. Mwaka 2000, akisaidiwa na Stéphane Dion, msomi wa Quebec aliyemwingiza serikalini, alipitisha Sheria ya Uwazi iliyoyaweka masharti hayo kwenye maandishi. Washauri wengi walimwonya kwamba Quebec italipuka. Haikulipuka.

Hofu ileile ya 1995 ilizaa jambo lingine ambalo liliharibu jina lake. Serikali ilianzisha mpango wa kudhamini michezo na matamasha ili bendera ya Kanada ionekane Quebec. Februari 2004 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Sheila Fraser, aliripoti kwamba kati ya dola milioni 250 zilizotumika, zaidi ya milioni 100 zilikwenda kwenye ada na kamisheni za kampuni za matangazo, nyingine kwa kazi ndogo au isiyoonekana. Tume ya Jaji John Gomery ilipomhoji mwaka 2005, Chrétien aliufungua mkoba akatoa mipira ya gofu yenye majina ya marais, kwa kuwa jaji alikuwa ameishaiponda hadharani mipira ya Chrétien ya kugawa kuwa ni ushamba. Ukumbi ulicheka. Mahakama baadaye ilifuta yale ambayo jaji alimwandikia binafsi, kwa sababu maneno ya jaji nje ya kikao yalitia shaka kutokupendelea kwake. Kisheria Chrétien alishinda. Kisiasa, hela za umma zilipotea katika mpango uliozaliwa ofisini kwake, na kicheko cha ukumbini hakikurudisha senti. Zamani za miaka ile alikuwa pia ameshampigia simu mkuu wa benki ya serikali kuhusu mkopo wa hoteli moja ya jimboni kwake. Mbunge wa miaka mingi huja kuona simu ya aina hiyo ni huduma kwa mpiga kura. Ndiyo hatari ya kukaa sana: mipaka inahama polepole na mwenyewe haoni ikihama.

Afrika ilimrudia mwisho wa safari yake. Aprili 2002 alizunguka nchi 6 za bara hili, na tarehe 26–27 Juni akawa mwenyeji wa mkutano wa G8, kundi la mataifa 8 makubwa, huko Kananaskis, milimani Alberta. Aliikataa shinikizo la kuufanya mkutano wote kuwa wa ugaidi. Thabo Mbeki, Olusegun Obasanjo, Abdoulaye Wade na Abdelaziz Bouteflika walikaa mezani pamoja na Kofi Annan, na Mpango wa Afrika ukapitishwa. Kanada ilitenga mfuko wa dola milioni 500, na kuanzia Januari 2003 bidhaa za nchi maskini zaidi, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zikiwamo, ziliingia Kanada bila ushuru wala ukomo, isipokuwa maziwa, kuku na mayai. Je, alikuwa anarudisha kile bajeti ya 1995 ilichokichukua? Kwa kiasi. Yapo mengi ya kukosoa katika mpango ule, lakini waliofuatilia mikutano ya wakubwa wanajua jinsi Afrika huwekwa kwenye chakula cha mchana cha siku ya pili. Chrétien aliipa siku nzima.

Tarehe 17 Machi 2003 alisimama Bungeni akasema kwamba bila azimio jipya la Umoja wa Mataifa, Kanada haitashiriki vita vya Iraki. Wabunge wake walisimama kushangilia. Zaidi ya robo tatu ya mauzo ya nje ya Kanada yalikuwa yanakwenda Marekani, wafanyabiashara walikuwa wamejawa hofu, na Uingereza ilikuwa upande wa Marekani. Ni kweli meli za Kanada zilibaki Ghuba na maofisa wachache waliokuwa kwenye vikosi vya washirika hawakuondolewa, na wakosoaji wana haki kulitaja hilo. Lakini neno lenyewe lilisemwa, na lilisemwa kabla ya vita, na mtu aliyejua maana ya kuingia mahali usipojua njia ya kutokea. Zaire ilikuwa imemfundisha, au hivyo ndivyo ninavyoisoma.

Katiba ya Kanada haiweki ukomo wa vipindi. Chrétien alishinda chaguzi tatu mfululizo kwa wingi wa viti, 1993, 1997 na 2000, na hapakuwa na chama cha upinzani cha kumtoa. Waliomtoa ni watu wake. Paul Martin, aliyekuwa ameingoja zamu tangu aliposhindwa naye Calgary, aliondoka kwenye baraza Juni 2002, na wabunge wengi wa Liberal walikataa kutia saini barua ya kumuunga mkono bosi wao. Tarehe 21 Agosti, Chicoutimi, alitangaza kwamba hatagombea tena. Alijipa muda mrefu wa kuaga, akautumia kuridhia mkataba wa Kyoto wa tabianchi na kupitisha sheria iliyobana michango ya makampuni na vyama vya wafanyakazi kwa wanasiasa. Tarehe 12 Desemba 2003 akakabidhi. Miaka miwili na kidogo baadaye Martin alishindwa uchaguzi.

Aline alifariki Septemba 2020. Chrétien mwenyewe bado husikika: Januari 2025, siku alipotimiza miaka 91, gazeti la Globe and Mail lilichapisha barua yake ya kumjibu Donald Trump aliyekuwa anaitaka Kanada iwe jimbo la Marekani, na Machi mwaka huo alipanda jukwaani kwenye mkutano wa Liberal uliomchagua Mark Carney kuwa kiongozi wa chama.

Kati ya tarehe hizo kuna jioni moja ambayo siwezi kuiruka. Oktoba 2021, katika kipindi maarufu cha televisheni cha Quebec, aliulizwa kuhusu shule za bweni ambako watoto wa wenyeji asilia wapatao 150,000 walipelekwa kwa zaidi ya karne moja, wakinyang'anywa lugha zao, wengi wakipigwa na kunajisiwa, na maelfu wakifa. Ilikuwa miezi mitano baada ya habari za Kamloops, ambako vipimo vya ardhini vilionyesha dalili za makaburi ya watoto yasiyo na alama. Chrétien aliisimamia wizara ile miaka 6, na ni katika kipindi chake, mwaka 1969, serikali ilipozitwaa shule hizo kutoka mikononi mwa makanisa. Alijibu kwamba tatizo hilo halikuwahi kutajwa mbele yake, kisha akazungumzia maisha ya bweni aliyosoma yeye na chakula chake kibaya.

Nyaraka zinasema vingine. Taarifa za mateso zilifika wizarani miaka ileile, na mwaka 1968 mtu aliyekuwa mwalimu katika shule ya St. Anne's, Fort Albany, alimwandikia barua yeye mwenyewe. Inawezekana hakuisoma, mawaziri hupokea maelfu ya barua. Inawezekana ameisahau. Serikali yake ilipotoa kauli ya majuto Januari 1998 pamoja na dola milioni 350 za uponyaji, aliyeisoma alikuwa Waziri Jane Stewart; msamaha kutoka kinywani mwa Waziri Mkuu ulikuja mwaka 2008, kwa Stephen Harper.

Machi 1971, akiwa na miaka 37, waziri huyu alikiri mbele ya nchi kwamba wenyeji wameukataa waraka wake na kwamba hataulazimisha. Jioni ile ya 2021, akiwa na miaka 87, wazee waliolala katika vitanda vya shule zile walikuwa wanamtazama, na kilichohitajika ni kurudi nyuma hatua moja tu, kutoka sentensi moja. Hakurudi.